Kuunganisha mashine za siriali kwenye Wi-Fi: uzi kwa wenye mizani, mita na mashine za zamani

FundiPini5:

Wakuu, salaam. Jambo hili naulizwa faraghani kila mara, bora niliweke hapa ili kila mwenye haja alikute.

Kuna mashine ambazo kazi yake haijapitwa na wakati ila mdomo wake umepitwa. Mizani ya ghala, mita ya nishati, kipimo cha maabara, mashine ya kuchonga chuma. Zinapima na kukata vizuri kabisa, lakini njia pekee ya kuongea nazo ni poti ya pini tisa ya RS-232 au nyaya mbili za RS-485. Kompyuta iko chumba kingine, na kupitisha waya haiwezekani. Hapo ndipo inapoingia seva ya vifaa isiyo na waya: kisanduku kidogo chenye poti ya siriali upande mmoja na antena ya Wi-Fi upande mwingine. Baiti zinazoingia kwa siriali zinatoka kwa TCP/IP, lugha ya mtandao, na za kompyuta zinarudi kwa njia hiyohiyo.

Kabla ya yote naomba mlishike hili. Mashine ya siriali ilibuniwa ikiamini kwamba waya hauchelewi. RS-232 ilitolewa mwaka 1960, na tangu hapo kila aliyeandika programu ya kuitumia alichukulia kwamba baiti ikitoka huku imefika kule papo hapo. Wi-Fi haiko hivyo. Inachelewa, inarudia paketi iliyopotea, inakatika na kurudi. Karibu kila tatizo nililowahi kulitatua lilitokana na tofauti hiyo, au na mtu aliyeharakia Wi-Fi kabla waya haujaongea.

Kwa hiyo tunaanza na waya. Kisanduku kiache kwenye boksi lake. Chukua kompyuta ndogo na adapta ya USB ya siriali, nenda mpaka kwenye mashine, fungua PuTTY (programu ya kuongea na poti ya siriali), usome. Usipoweza kusoma ukiwa umesimama karibu na mashine kwa waya wa mita moja, Wi-Fi haitakusaidia. Itakuongezea mahali pa kutafuta kosa.

Pini ndizo zinazosumbua wengi. Kwenye poti ya kompyuta, pini 2 inapokea, pini 3 inatuma, pini 5 ni ardhi. Baadhi ya mashine zimepangwa hivyohivyo, nyingine zimegeuzwa. Usikisie. Weka malitimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi pini 5, ncha nyekundu pini 2 kisha pini 3. Mashine ikiwa imewashwa na haitumi kitu, ile pini yenye volti hasi iliyotulia, tuseme −5 hadi −12, ndiyo inayotuma. Hiyo ndiyo iingie kwenye pini inayopokea ya kisanduku. Zikikutana mbili zinazotuma, tumia waya wa kuvuka unaobadilishana 2 na 3. Kipimo hiki kinachukua dakika moja, nami kimeniokolea siku nzima zaidi ya mara moja.

Angalizo kwa wanaojiundia kisanduku kwa ESP8266 au ESP32: chipu hizo zinafanya kazi kwa volti 3.3. RS-232 inaruhusiwa kufika volti 15, chanya na hasi. Ukiziunganisha moja kwa moja unaua chipu. Weka MAX3232, chipu ya kubadilisha volti, katikati.

Waya ukishaongea, andika vitu vinne kwenye karatasi: kasi, idadi ya biti za data, pariti (biti ya kukagua makosa), biti za kusimamia. Mfano 9600, 8, hakuna, 1. Hivyo vinne ndivyo vinavyoingia kwenye ukurasa wa siriali wa kisanduku, bila kubadilisha hata kimoja.

Upande wa Wi-Fi nitapita haraka kwa sababu wengi mnaujua. Visanduku vingi vinasikia GHz 2.4 tu, kwa hiyo ruta yenye GHz 5 peke yake havitaiona. Kisanduku cha zamani kinajua usalama wa Wi-Fi wa WPA2, na ruta iliyofungwa kwa WPA3 pekee itakikataa bila kukuambia sababu. Chagua chaneli 1, 6 au 11 na uifunge hapo, maana ruta ikihama chaneli yenyewe usiku, kisanduku kinaweza kuachwa kwa muda. Kipe anwani ya IP isiyobadilika. Na mengine mawili ambayo watu hawayagusi: zima hali ya kuokoa umeme ya Wi-Fi kwenye kisanduku, na kama mashine iko ndani ya kabati la chuma, toa antena nje ya kabati. Redio haipiti kwenye chuma.

Kisha namna ya kuongea. Kisanduku kikikaa kama seva ya TCP, kinasubiri kompyuta impigie kwenye poti fulani. Kikikaa kama mteja, chenyewe ndicho kinachopiga. Kama programu yako ni ya zamani na inajua COM1 au COM3 tu, utaweka kwenye Windows programu ya COM pepe inayotoka kwa mtengenezaji wa kisanduku. Programu inadhani inaongea na poti ya siriali, kumbe maneno yake yanasafiri kwa mtandao.

Nimeandika marefu. Ulizeni.

DadaMizani:

Asante sana mwalimu, umenigusa. Nina mizani ya jukwaa, ile ya kupimia magunia. Nimefuata hatua ya waya kama ulivyosema. Naona maandishi, ila ni nusu nusu. Tarakimu nyingine zinatoka sawa, nyingine zinatoka alama za ajabu. Nilidhani ni kasi, nimebadilisha kutoka 9600 kwenda 4800, ikawa mbaya zaidi, takataka tupu. Nimerudi 9600.

FundiPini5:

Dada, umefanya vizuri kurudi. Kasi isipolingana kila kitu kinakuwa takataka, hakuna herufi inayosalimika kwa mpango. Kwako kuna zinazosalimika, maana yake kasi ni sahihi.

Weka uzito mbalimbali kisha niangalizie: je, 0, 3, 5, 6 na 9 zinatoka sawa, na 1, 2, 4, 7 na 8 ndizo zinazoharibika?

DadaMizani:

Nimejaribu sasa hivi. Ni hivyo hivyo hasa! Umejuaje?

FundiPini5:

Mizani yako inatuma biti 7 na pariti shufwa, wewe unasoma biti 8 bila pariti. Jumla ya biti ni ileile, kwa hiyo mpokeaji haoni kosa, ila ile biti ya pariti anaisoma kama sehemu ya herufi. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 katika msimbo wa ASCII zina idadi shufwa ya moja, hivyo pariti yake ni sifuri na herufi haiguswi. 1, 2, 4, 7 na 8 zina idadi witiri, pariti inakuwa moja, biti ya juu inawaka na herufi inageuka kuwa kitu kingine. Ungekuta kinyume chake, yaani 1, 2, 4, 7 na 8 ndizo nzuri, ningesema pariti ni witiri.

Weka 9600, 7, shufwa, 1. Andika kwenye karatasi. Ndiyo mipangilio ya kisanduku chako.

DadaMizani:

Imekubali! Kilo zote zinasomeka. Naenda kwenye kisanduku, nitarudi.

Waya_Mbili:

Mkuu, mimi niko upande wa RS-485. Mita nne za nishati kwenye waya mmoja, zinaongea Modbus RTU, itifaki ya maulizo na majibu kati ya mashine. Kwa waya na adapta ya USB zinajibu zote. Kupitia kisanduku, katika maulizo kumi napata majibu sita au saba, mengine programu inasema fremu (ujumbe mmoja mzima) imeharibika. Nimebadilisha nyaya A na B, ikafa kabisa, nikarudisha.

Ohmu120:

Naomba kujibu kabla ya mwenye uzi. Je, umeweka ukinzani wa ohmu 120 mwanzo na mwisho wa waya? RS-485 bila ukinzani ni kuomba matatizo. Mimi naweka kila mahali, hata waya wa mita mbili.

FundiPini5:

Ndugu Ohmu120, kwenye waya mrefu nakuunga mkono, na uwekwe kwenye ncha mbili tu. Nimewahi kukuta mtu kaweka kwenye kila mita, mizigo yote inakaa sambamba na mtumaji anazidiwa. Lakini kwa waya wa mita mbili kwenye kasi ya 9600 sioni haja. Mwangwi wa waya mfupi hivyo unakufa zamani kabla mpokeaji hajaisoma biti, na ukinzani unavuta chini volti ya kutuliza waya wakati hakuna anayeongea. Hapa tutofautiane kwa amani.

Waya_Mbili, kwa adapta zinajibu zote, kwa hiyo waya wako ni mzima, na A na B ziko mahali pake. Tatizo lako ni muda. Modbus RTU haina alama ya kuonyesha fremu imeisha. Mwisho wa fremu ni ukimya wa muda wa herufi tatu na nusu. Kwa 9600 yenye biti 11 kwa herufi, huo ni ukimya wa kama milisekunde 4 tu. Sasa tazama kinachotokea. Mita inajibu baiti 25, zinachukua takriban milisekunde 29 kwenye waya. Kisanduku kinapokea baiti 12, kinaona "tayari nina kitu", kinazirusha hewani. Zile 13 zinafuata kwenye paketi ya pili, na Wi-Fi inazichelewesha milisekunde 20. Programu yako inaona ukimya wa milisekunde 20 katikati ya jibu, inahesabu kwamba fremu imeisha, inakagua CRC (namba ya kuhakiki fremu), haikubali, inatupa.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza: kwenye ukurasa wa siriali tafuta mpangilio wa kufungasha data, mwambie kisanduku asirushe mpaka waya unyamaze, tuseme milisekunde 10. Jibu litasafiri zima. Ya pili, nayo ndiyo ninayoipenda: kama kisanduku kina hali ya lango la Modbus, iwashe. Hapo kompyuta inaongea Modbus TCP kwenye poti 502, ambayo inabeba urefu wa ujumbe ndani yake, na kisanduku chenyewe kinashughulika na ukimya na CRC upande wa mita. Zile milisekunde 4 zinabaki kwenye waya, hazisafiri hewani tena.

Na popote utakapokwenda, ongeza muda wa kusubiri jibu kwenye programu. Milisekunde 100 inatosha kwa waya. Kwa Wi-Fi anza na 1000.

Waya_Mbili:

Kisanduku kina hiyo hali ya lango. Programu yangu pia inajua Modbus TCP, sikuwahi kuigusa. Najaribu.

Kisu_na_Chuma:

Habari zenu wakubwa. Mashine yangu ya kuchonga inalishwa programu kwa siriali huku ikikata, kumbukumbu yake haitoshi kubeba kazi nzima. Inatumia XON na XOFF, yaani alama za "endelea" na "simama" kwa anayeitumia data. Kwa waya sina shida. Kwa Wi-Fi inaruka mistari, na mstari ukirukwa kwenye kukata ni hatari, nimeshaharibu vipande viwili. Niache?

FundiPini5:

Pole sana ndugu. Usiendelee kukata mpaka hili liishe.

Hesabu yake ni hii. Kwa 9600 zinapita baiti 960 kwa sekunde. Mashine ikijaa inatuma XOFF. Kama anayepaswa kuitii ni kompyuta iliyo upande wa pili wa Wi-Fi, na XOFF imechelewa milisekunde 100, baiti 96 zimeshaingia kwenye mashine isiyo na nafasi. Kama bafa yake imebakiza nafasi ya baiti 30, sitini na kitu zimemwagika. Mistari yako iko humo.

XON/XOFF iwashwe kwenye kisanduku, kwenye ukurasa wa siriali, siyo kwenye programu ya kompyuta. Hapo XOFF inatiiwa na kisanduku kilicho sentimita chache kutoka kwenye mashine. Kisanduku kikijaa nacho, TCP ina njia yake ya kumsimamisha mtumaji, hakuna baiti inayopotea. Jaribu kwa kukata hewani, kisu kikiwa juu, faili refu kabisa ulilonalo, mara kadhaa.

Nisisitize jambo moja: kitufe cha kusimamisha mashine kwa dharura kamwe kisipite kwenye Wi-Fi. Hicho ni waya, na waya wake peke yake.

Kimya_cha_TCP:

Naongezea la RFC 2217 kwa sababu sijaliona hapa. Ni itifaki ya Oktoba 1997 inayopanua Telnet (itifaki ya zamani ya kuingia kwenye kifaa cha mbali), inaruhusu kompyuta kubadilisha kasi na pariti ya poti ya mbali na kusoma hali ya pini kama CTS, ile ya ruhusa ya kutuma. Kwenye Linux, programu ya ser2net inaijua vizuri. Ninaitumia kila mahali, sioni sababu ya TCP tupu, yaani baiti kupita zilivyo bila itifaki nyingine juu yake.

FundiPini5:

Sababu ipo, mkuu. Ndani ya Telnet baiti ya 255 ina maana maalumu, kwa hiyo kila 255 ya data inatumwa mara mbili na upande wa pili unaondoa moja. Upande mmoja ukiwa RFC 2217 na mwingine TCP tupu, maandishi yanapita vizuri na wewe unafurahi, kisha siku data ya namba tupu ikipita, inaharibika kila penye 255. Kosa la namna hiyo linaweza kujificha miezi. Kama programu inabadilisha kasi katikati ya kazi, au inahitaji kusoma pini, RFC 2217 ndiyo njia. Kwa mizani inayotuma mstari uleule siku zote kwa kasi ileile, TCP tupu inatosha. Muhimu pande zote mbili ziwe na kauli moja.

DadaMizani:

Nimerudi. Kisanduku kilisoma vizuri siku mbili. Jana umeme wa kompyuta ulikatika, ulivyorudi programu inasema muunganisho umekataliwa. Nikazima na kuwasha kisanduku, ikakubali. Leo asubuhi ruta ndiyo iliyozimika. Safari hii programu haikusema kitu, imekaa kama iko sawa, ila uzito umeganda kwenye kilo 50 saa nzima. Tumepokea mzigo kwa uzito huo bila kujua.

FundiPini5:

Dada, pole, na asante kwa kueleza yote mawili, maana watu huyachanganya.

La jana: kompyuta ilikufa bila kuaga. Kisanduku hakijui, kinaamini muunganisho wa zamani bado upo, na kinaruhusu mmoja tu. Kompyuta ikirudi inaambiwa nafasi imejaa. Tafuta kwenye ukurasa wa TCP mpangilio wa kukagua uhai wa muunganisho, uweke dakika moja. Wengine wanauacha kwenye sifuri, yaani kisanduku kinasubiri milele.

La leo ni zito zaidi kwa sababu linadanganya. Mizani yako inatuma tu, kompyuta haitumi kitu. Katika TCP, asiyetuma hana namna ya kugundua kwamba mwenzake ametoweka. Kwa kompyuta, ukimya wa mizani iliyopotea na ukimya wa mtandao mzima ni kitu kimoja. Linux ikiachwa ilivyo husubiri saa mbili kabla ya kuanza kukagua, na hata hizo mbili ni kama programu imeomba ukaguzi ufanywe. Kwa hiyo anayekuandikia programu aweke saa ndani yake: mizani inatuma mara kadhaa kwa sekunde, basi zikipita sekunde 5 bila mstari mpya, uzito ufutwe kwenye skrini, iandikwe "hakuna mizani", muunganisho ufungwe na ufunguliwe upya. Uzito wa zamani usibaki kwenye skrini hata kidogo. Bora mpokeaji aone pengo kuliko aone namba isiyo ya kweli.

Poti_Wazi:

Bosi wangu anataka kuona uzito akiwa safarini. Naweza kufungua poti ya kisanduku kwenye ruta ili aingie moja kwa moja kutoka intaneti?

FundiPini5:

Hapana, nakuomba usifanye. TCP tupu haina nenosiri. Yeyote anayeigusa poti hiyo anaongea na mashine yako kana kwamba ameshika waya. Na ukurasa wa mipangilio mara nyingi umeachwa na nenosiri la kiwandani.

Mfano hai upo. Tarehe 23 Desemba 2015 nchini Ukraine wavamizi waliingia kwenye mitandao ya kampuni tatu za kusambaza umeme, wateja wapatao 225,000 wakakaa gizani. Wakishakata umeme, waliharibu programu za ndani za vigeuzi vya siriali kwenda Ethernet kwenye vituo vidogo, vifaa vya jamii hiihii tunayoijadili. Waendeshaji wakakosa njia ya kuamuru swichi kutoka mbali, mafundi ikabidi waende vituoni kuziwasha kwa mkono.

Kisanduku kikae kwenye mtandao wake, mbali na simu na wageni. Badilisha nenosiri, zima Telnet ya mipangilio kama huitumii. Bosi aingie kwa VPN (njia iliyofungwa kwa siri kupitia intaneti), au kompyuta ya ghala isome mizani yenyewe kisha impelekee namba pahali salama.

Poti_Wazi:

Nimeelewa mkuu. Lakini nilipojaribu kutenga mtandao, nikaweka kisanduku kwenye Wi-Fi ya wageni, kompyuta haikioni kabisa, hata ping.

FundiPini5:

Wi-Fi ya wageni kwa kawaida inazuia vifaa visionane, kila kimoja kinaruhusiwa intaneti tu. Tengeneza jina la tatu la Wi-Fi kwa ajili ya mashine, uzuio huo ukiwa umezimwa, na kompyuta iruhusiwe kuingia huko kwenye ile poti moja tu.

Waya_Mbili:

Mrejesho: lango la Modbus limewashwa, poti 502, muda wa kusubiri milisekunde 1000. Tangu jana jioni mita zote nne, hakuna fremu hata moja iliyotupwa.

DadaMizani:

Na mimi nina mrejesho. Kijana wa programu ameweka sekunde 5. Leo nimezima ruta kwa makusudi mbele ya wapokea mizigo wote, skrini ikaandika "HAKUNA MIZANI", wakasimamisha gunia. Nikaiwasha, uzito ukarudi wenyewe bila mtu kugusa kisanduku. Nguvu ya Wi-Fi kwenye kisanduku inasoma −78 dBm, ni sawa?

FundiPini5:

Hongera sana dada, na hilo jaribio la mbele ya wapokeaji liwe utaratibu. −78 ni dhaifu, itakusumbua ghala likijaa magunia. Lenga −67 au karibu zaidi na sifuri. Inua antena juu ya kimo cha magunia, kisha upime tena ghala likiwa limejaa, siyo likiwa tupu.